Ufunguo wa Muhogo Mchungu

Kiangazi kikishika, vijiji vya Ziwani na vya jirani, mpaka pale Ruvuma inapokutana na bahari, huwa vyeupe kwa makopa. Yameanikwa juu ya mapaa, juu ya mikeka, juu ya vichanja, hata kando ya njia. Ni muhogo uliomenywa, ukapasuliwa, ukaachiwa jua. Ukikauka vizuri hukaa miezi kadhaa ghalani, na siku ya kuutaka hutwangwa, ukachekechwa, ukasongwa ugali. Mwaka mahindi yakikataa, nyumba nyingi za Mtwara huishi kwa makopa.

Muhogo si mwenyeji wa pwani hii. Wareno waliutoa Brazili, ukaja na meli zao, ukapanda polepole kutoka bandarini na visiwani kwenda bara. Mti ulifika, lakini ujuzi wote haukusafiri nao. Watu wa Amazoni walikwisha kujua kuukuna, kuukamua na kuuchachusha. Huku kwetu kila jamii ilibidi itafute njia yake yenyewe, na waliofanya kazi hiyo walikuwa akina mama, kwa kuonja, kwa kunusa, na bila shaka kwa kuzika.

Maana muhogo ni wa namna mbili. Mtamu huliwa hata mbichi shambani, ukimenya na kutafuna. Mchungu hauguswi hivyo. Hata hivyo wakulima wengi huupenda huo mchungu, kwa sababu nguruwe na nyani hawausumbui sana na mwizi hawezi kuung'oa akaula palepale. Uchungu ni ulinzi. Shamba la muhogo mchungu hujilinda lenyewe usiku kucha, na asubuhi mwenye shamba ndiye anayebaki na kazi ya kuuvua silaha.

Mwaka 1981 ng'ambo ya Ruvuma, ukiisha kuivuka Cabo Delgado yote na kuingia mkoa wa Nampula, kazi hiyo ilishindikana. Ilikuwa mwaka wa ukame. Watu wazima na watoto, hasa wanawake na watoto, walianza kupooza miguu. Mtu alilala mzima, akaamka miguu imekaza kama mti. Hapakuwa na homa. Akili ilikuwa timamu, mikono mara nyingi ilikuwa na nguvu, lakini miguu haikujikunja. Walioweza kusimama walitembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana, wakiegemea fimbo. Wamakua waliuita ugonjwa huo mantakassa. Waliohesabiwa walizidi 1,000.

Daktari wa wilaya huko Nacala, katika mkoa huo, alikuwa kijana wa Uswidi, Hans Rosling, aliyefika Msumbiji mwaka 1979. Baadaye alikuja kujulikana dunia nzima kwa hotuba zake za takwimu, lakini wakati huo alikuwa na hospitali moja, wagonjwa wengi, na hofu. Hakujua kama ugonjwa unaambukiza. Meya wa Nacala alimuuliza kama aweke askari wafunge barabara, naye akajibu kwamba jambo fulani lazima lifanywe. Barabara ikafungwa. Akina mama waliozoea kupanda basi kwenda kuuza bidhaa zao mjini wakaona bora wapite baharini, wakawaomba wavuvi wawachukue pamoja na watoto wao. Mashua ikapinduka, wakafa. Rosling aliliweka jambo hilo moyoni kwa miaka mingi sana kabla ya kuliandika. Nalitaja hapa kwa kuwa linaonyesha namna haraka inavyoweza kuua hata mikononi mwa mtu mwema, na haraka itarudi tena katika habari hii.

Ugonjwa haukuwa wa kuambukiza. Rosling, daktari Julie Cliff kutoka Australia aliyekuwa akifanya kazi Maputo, pamoja na wenzao wa Wizara ya Afya ya Msumbiji, waliufuatilia hadi kwenye sahani ya chakula. Familia zilizopatwa zilikuwa zikila muhogo mchungu karibu peke yake, ukiwa haukutengenezwa vya kutosha, na bila kitoweo. Kumbe ugonjwa huo ulikwisha kuandikwa zamani. Mwaka 1938 daktari Trolli aliueleza kutoka Kongo ya Wabelgiji, ambako Wayaka waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa, kama ya mnyama aliyenaswa mtegoni. Jina hilo ndilo lililoshika.

Ili kuelewa kilichotokea Nampula, na kilichotokea baadaye huku upande wetu, inabidi turudi nyuma kabisa, kwenye lozi.

Lozi ziko za namna mbili, kama muhogo. Tamu tunazijua kwenye halua. Chungu, ukizisaga na kuzitia maji, hutoa harufu kali na sumu. Mwaka 1837 wakemia wawili wa Ujerumani, Friedrich Wöhler na Justus von Liebig, walichukua kile kitu kichungu kilichomo ndani ya lozi, kiitwacho amigdalini, wakaona kwamba peke yake hutulia tu. Walipokitia majimaji yaliyotolewa kwenye lozi zenyewe, kilivunjika papo hapo: sukari huku, sumu ya sianidi kule. Kiasi kidogo mno cha majimaji hayo kilivunja amigdalini nyingi. Kile kilichomo ndani ya majimaji hayo walikiita emulsini. Hawakujua kwamba wameshika kimojawapo cha vile ambavyo leo watoto wa sekondari Tanzania hufundishwa kwa jina la vimeng'enya.

Jina letu limetokana na kumeng'enya, kazi ya tumbo. Nalipenda, ila linaweza kumpotosha msomaji akadhani vimeng'enya viko tumboni tu. Viko kila mahali palipo na uhai. Seli moja ya jani la mkorosho ina maelfu ya namna zake, kila kimoja na kazi yake. Kimoja huunga, kingine hukata, kingine huhamisha kipande kutoka hapa kwenda pale. Mwaka 1897 Eduard Buchner alisaga hamira mpaka hapakubaki chembe hai hata moja, akatia sukari, na sukari ikachachuka vilevile. Yaani kazi ya uhai iliweza kuendelea bila uhai wenyewe, mradi vimeng'enya vipo. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1907. Mwaka 1926 James Sumner, Mmarekani mwenye mkono mmoja, alifanikiwa kugandisha kimeng'enya kimoja kikawa fuwele, akaonyesha kwamba ni protini. Wakubwa wa sayansi walimbishia kwa miaka, kisha wakakubali.

Kimeng'enya hufanyaje kazi? Chukua mtu wa Mikindani anayetaka kufika Masasi kwa njia ya Newala. Lazima aupande uwanda wa Makonde. Mzigo unaweza kumshinda mlimani akarudi, ijapokuwa upande wa pili ni mteremko. Mabadiliko mengi ya kikemia yako hivyo. Vitu viko tayari kugeuka, lakini mbele yao kuna kilima cha nishati, na bila msaada vitakaa karne nzima chini ya kilima. Kimeng'enya hakimsukumi mtu. Kinamwonyesha njia ya chini inayopita bondeni. Kinafanya hivyo kwa umbo lake. Protini hiyo ndefu imejikunja mpaka ikawa na kijishimo, na ndani ya kijishimo hicho molekuli moja tu inaketi sawasawa. Ikiketi, kiungo chake dhaifu huvutwa na kupindwa kidogo, maji yanapata nafasi ya kuingia, na kiungo kinakatika. Vipande vinatoka. Kijishimo kiko wazi, mwingine aingie. Kimeng'enya chenyewe hakipungui.

Aliyelisema jambo hili kwa mfano ulioshika ni Emil Fischer, mwaka 1894. Alitumia emulsini ileile ya lozi. Aliona inavunja glukosidi (vitu vya jamii ya amigdalini, vilivyoungana na sukari) za namna moja na kuziacha nyingine ambazo tofauti yake ilikuwa ni mkao wa atomu tu, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Akasema lazima viwili hivyo vishikane kama kufuli na ufunguo. Baadaye, mwaka 1958, Daniel Koshland aliongeza kwamba kufuli lenyewe hujikunja kidogo linapoupokea ufunguo, na leo tunajua alikuwa sahihi. Lakini mfano wa Fischer haujafa, na kwa watu wanaokaa karibu na milango ya kuchongwa ya Mikindani hauhitaji maelezo.

Sasa muhogo. Ndani yake kuna kitu kiitwacho linamarini. Jina limetokana na kitani, mmea ambamo kilitambuliwa kwanza; mwanzoni mwa karne ya 20 wakemia wa Imperial Institute ya London walikikuta kwenye muhogo. Ni ndugu wa amigdalini: sukari iliyobeba sianidi mgongoni. Kimeng'enya cha kuivunja, linamarasi, kiko palepale kwenye mzizi uleule. Ila mti umevitenganisha. Linamarini imefungiwa ndani ya seli, kwenye kijifuko cha maji kiitwacho vakuoli. Linamarasi imekaa nje, kwenye ukuta wa seli. Mmoja chumbani, mwingine kwenye kiambaza, na hawaonani maisha yao yote, mpaka jino la nguruwe lipasue ukuta. Hapo wanakutana, linamarini inavunjika, kwanza kuwa glukosi na kitu kiitwacho sianohidrini, kisha sianohidrini nayo inaachia asetoni na sianidi. Nguruwe anapata mdomoni alichokitafuta.

Sianidi ya namna hii huchemka kwenye nyuzi 26 hivi. Mtwara joto hilo ni la asubuhi ya kawaida. Kwa hiyo ikishatoka hupotelea hewani yenyewe, mradi imepewa njia na muda. Kazi yote ya kuutengeneza muhogo mchungu, popote duniani, ni hiyo: vunja seli ili kimeng'enya na linamarini vikutane, kisha subiri hewa ichukue sumu. Mama anayetwanga kisamvu kwenye kinu kabla ya kukitia jikoni anafanya kazi hiyo hasa, kwa sababu majani nayo yana linamarini tele. Anayeloweka muhogo siku tatu au nne mpaka ulainike anafanya kazi hiyo. Hakuna mmoja wao aliyemsoma Fischer, na hawakumhitaji.

Makopa ndiyo yenye shida. Mzizi uliopasuliwa vipande vikubwa na kuanikwa hupoteza maji, lakini seli nyingi hubaki nzima. Maji yakiisha, kimeng'enya husimama, kwani bila maji hakiwezi kukata. Kisha makopa hutwangwa yakiwa makavu. Sasa seli zimepasuka, linamarini na linamarasi ziko pamoja kwenye unga mmoja, zinagusana, na hakuna kinachotokea. Zimelala. Siku ya ugali, maji yanachemshwa, unga unamiminwa. Moto unaivuruga protini kama unavyougeuza ute wa yai kuwa mweupe, na kimeng'enya kinakufa kabla ya kuanza kazi. Linamarini yenyewe haiogopi kuchemka. Inaingia sahanini nzima, na huko tumboni bakteria wenye vimeng'enya vyao humaliza kazi mahali pabaya kuliko pote.

Kwa nini basi kusini hatukuloweka tu? Mimi naamini jibu liko kwenye maji. Uwanda wa Makonde ni mkavu. Kwa vizazi akina mama wa Newala wameteremka ukingo wa uwanda kufuata maji bondeni na kupanda nayo kichwani. Nani atamwaga ndoo kama hiyo juu ya muhogo? Jua ni la bure. Makopa ni akili ya watu wasio na maji, na katika miaka ya kawaida, kwa muhogo usio mchungu sana, na sahani yenye vitu vingine, ilitosha.

Mwaka wa ukame mambo mawili hutokea kwa pamoja. Mmea wenye kiu huongeza linamarini kwenye mizizi. Na mtu mwenye njaa hupunguza siku za kusubiri. Masasi mwaka 1988 ndivyo ilivyokuwa. Chakula kilikuwa haba, na watu wakatumia njia ya haraka inayojulikana kusini kwa jina la chinyanya: muhogo mbichi unatwangwa, unaanikwa kidogo, unatwangwa tena, na unaliwa bila kungoja siku nyingi. Watu walitapika, walipata kizunguzungu, wakaanguka. Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na Rosling na wenzao, walikwenda kuchunguza. Chinyanya ina siri yake. Kutwanga muhogo mbichi ni kuzuri, kunazivunja seli na linamarini inakwisha upesi. Lakini sianohidrini inabaki kwenye unga, hasa unga ukiwa na uchachu, na haikupewa nafasi ya kuachia sumu hewani. Nusu ya kazi imefanyika. Nusu iliyobaki ni ya muda, na muda ndio waliokosa.

Siwezi kuiandika Masasi ya mwaka 1988 bila kuikumbuka korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Msimu wa 1986/87 zilikuwa karibu 16,500. Vijiji vilikuwa vimehamishwa, mikorosho imeachwa mbali, ugonjwa wa ubwiriunga umeingia. Nyumba isiyo na fedha ya korosho hainunui mahindi mvua zikikosa. Inarudi kwenye muhogo, na kwenye ule mchungu uliobaki ardhini baada ya mtamu kwisha.

Sianidi ikiingia mwilini huua kwa njia ya kimeng'enya pia. Otto Warburg aliligundua jambo hili miaka ya 1920: ndani ya seli zetu kuna kimeng'enya chenye madini ya chuma ambacho kazi yake ni kuitumia oksijeni tunayoivuta, na sianidi hukaa juu ya chuma hicho na kuziba kijishimo. Ni ufunguo wa uongo ulioingia kwenye kufuli ukakwama. Mtu anapumua, mapafu yamejaa hewa, damu imebeba oksijeni, lakini seli zinakufa kwa kukosa pumzi.

Bahati tuna mlinzi. Mwaka 1933 Kurt Lang alieleza kimeng'enya kingine, rodanasi, kilichojaa kwenye ini. Kazi yake ni kuivisha sianidi chembe ya salfa, ikawa thiosianeti, kitu kisicho na makali ambacho hutoka kwa mkojo. Ndiyo sababu watafiti wa konzo hupima mkojo wa watoto wa shule: humo husoma ni sianidi kiasi gani imepita. Lakini rodanasi haina salfa yake. Huipata kwenye protini tunayokula. Dagaa, samaki, mayai, kunde, karanga. Mlinzi yuko zamu, ila risasi analetewa kutoka jikoni.

Hapa ndipo pwani na bara vinapoachana. Ziwani au Msimbati, ugali wa muhogo ukisongwa, mara nyingi kuna kitu cha baharini pembeni, hata kama ni vidagaa vichache au kipande cha pweza. Hiyo ni salfa. Nyumba ya uwandani mwaka wa njaa hula ugali kwa chumvi na kisamvu, na mwenye kula vya mwisho ni mama na watoto. Tazama konzo inawapata akina nani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ililipuka mkoani Mtwara kwenyewe. Tarime, huko kaskazini, ilikwisha kuiona katikati ya miaka ya 1980; sasa ilikuwa zamu ya kusini. Tena ukame, tena muhogo mchungu, tena watoto wakiamka na miguu iliyokaza. Konzo haizidi baada ya kuingia, wala haiponi. Mtoto aliyeshikwa na fimbo miaka ile ni mtu mzima sasa, na fimbo anayo.

Safari hii jibu lilitoka kwenye kimeng'enya chenyewe. Howard Bradbury, mkemia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia jijini Canberra, alikuwa amekwisha kutengeneza karatasi ya kupimia sumu ya unga, inayogeuka kutoka njano kwenda kahawia sumu ikiwepo. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 10 kwa kila kilo ya unga. Kisha akajiuliza swali dogo. Ikiwa kwenye unga wa makopa linamarini na linamarasi zimelala kitanda kimoja, ni nini kinachozikosesha kuamka? Maji tu. Si mapipa ya kulowekea. Vikombe vichache. Njia hiyo ilijaribiwa kwanza Msumbiji, kisha Mlingi na wenzake wakaipeleka Mtwara, wakawafundisha akina mama wa vijiji vilivyopigwa na konzo.

Hufanywa hivi. Mama anatia unga kwenye beseni, anausawazisha, anaweka alama ndani ya beseni pale unga unapoishia. Anamimina maji huku akikoroga. Unga kwanza unashuka, halafu, maji yakiongezeka, unapanda tena. Ukifika kwenye alama anaacha. Anautandaza juu ya mkeka, mwembamba, usizidi sentimita moja. Juani anauacha saa mbili. Kukiwa na mawingu, au akitaka kuuweka kivulini, saa tano. Katika muda huo linamarasi inaamka, inakata, na sianidi inapanda na upepo wa kusi kuelekea mitini bila kuonekana.

Unga ule hausubiri kesho. Jioni ileile chungu kinatengwa, maji yanachemka, na mwiko unashikwa kwa mikono miwili.